Jioni Droni Iliporuka Shambani

Ufipa kuna baridi. Gaudensi amezaliwa huku, lakini baridi hiyo hajaizoea hata leo. Kila asubuhi hukaa jikoni, karibu na moto, na uji wa ulezi mkononi.

"Baba, viwavi wanamaliza mahindi," mkewe Luciana alimwambia.

"Nitapiga dawa jua likipanda. Ukungu huu utaniua!"

Basi saa sita mchana alibeba bomba mgongoni. Akapiga dawa mpaka akachoka. Viwavi hawakufa. Akarudia wiki iliyofuata. Wapi! Majani yalitoboka kama chekeche. Luciana aliogopa sana, maana shamba hilo ndilo ugali wao wa mwaka mzima. Akaenda kumwita bibi shamba, Kristiana.

"Shikamoo, baba," Kristiana alimsalimu Gaudensi pale shambani.

"Marahaba, mwanangu. Dawa hii ni feki!"

"Ulipiga saa ngapi?"

"Saa sita. Asubuhi si unaona baridi?"

Kristiana alicheka. Akafungua moyo wa mhindi mmoja. Kiwavi alikuwa chini kabisa, ametulia.

"Mchana wanajificha humu, baba. Dawa haiwafikii, na jua linaikausha. Jioni ndiyo wanatoka kula."

"Jioni ni fupi! Shamba lote hili kwa bomba? Giza litanikuta katikati."

"Ndiyo maana kikundi chetu cha wakulima kina droni."

Jioni upepo ulitulia. Nyuki walikuwa wamerudi mizingani. Adriano, aliyesomea kurusha droni, alivaa glavu na barakoa, akajaza dawa kwenye tangi. Watu na mbuzi waliondolewa shambani.

Droni ilinguruma, ikapaa. Ilifuata mstari mpaka mwisho wa shamba, ikageuka yenyewe.

Luciana alishika kichwa. "Yesu na Maria! Nani anaiambia igeuke?"

"Nimeichorea shamba lenu kwenye simu, mama," alisema Adriano. "Inajua mipaka."

Gaudensi alisimama mdomo wazi. Dawa ilishuka laini, ikaingia mpaka moyoni mwa mahindi. Kabla ya giza, shamba lote lilikuwa limekwisha kupigwa dawa. Droni ilipotua, Gaudensi aliinama, akapiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyowasalimu wakubwa. Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Hawakuingia shambani mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa ulipopita. Kisha Luciana alifungua mhindi. Viwavi walikuwa wamekufa. Jani jipya lilikuwa zima, halina tundu hata moja. Alifurahi mpaka akalia.

Mahindi yalikomaa vizuri, wakavuna. Siku ya unga mpya, Luciana alisonga ugali mkubwa. Gaudensi alikula, akanawa mikono, akamtazama mkewe.

"Mama," alisema, "mwaka huu hatutagonga mlango wa mtu kuomba unga."