Mchana Mzima Juu ya Slabu

Ukuta wa nyuma ya kiwanda ulianguka saa kumi na mbili na robo asubuhi, mvua ikiwa siku ya tatu bila kupumua, na mto wote ukageukia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben.

Shamsia alikuwa akikunja msala. Alisikia kwanza mabati ya majirani yakilia, nyumba baada ya nyumba, kisha maji yakaupiga mlango na mlango ukafunguka wenyewe. Hayakuwa yale ya jana ya kuchota kwa sufuria na kumwaga nje. Yalikuwa meusi, yananuka mafuta ya mashine na vyoo, na kabla hajamaliza kumwita mumewe yalikuwa yamemfika mapajani.

"Mshike Rufaida!" Jamil alipiga kelele. "Mimi namchukua mama."

Mama yake Jamil, Bi Ummulkheir, alikuwa kitandani. Kiharusi kilikuwa kimeuzima upande wake wote wa kushoto miaka miwili iliyopita. Zamani alikuwa mkunga kule Majengo, mwanamke wa kuamshwa na kutoka mbio na mkoba wake. Sasa alilishwa, akaogeshwa, akageuzwa. Aliyemgeuza ni Shamsia, na ni Mungu peke yake aliyejua ni mara ngapi mkwe huyo alifanya kazi hiyo ameuma meno.

Jamil alijaribu kumbeba mgongoni akashindwa. Mkono mmoja wa mama haukuweza kushika, na mkondo nje ya mlango ulikuwa wa kumwangusha mtu mzima asiye na mzigo. Akasimama, akatazama huku na huku. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Macho yake yalizoea kutafuta kitu cha kuungia kitu.

Shamsia aliuza maji. Jerikeni zake tupu, kumi na mbili, zilikuwa zinaelea chumbani zikigongana.

"Vifuniko," Jamil alisema. "Vikaze vyote. Niletee kamba ya nguo."

Aling'oa mlango kwa mabega yake. Wakazifunga jerikeni chini ya mlango, sita kila upande, vidole vyao vikiteleza kwa mafuta. Bi Ummulkheir wakamlaza juu, wakamfunga kifuani kwa leso, na Rufaida, binti yao wa miaka tisa, akakalishwa miguuni pake. Maji yalikuwa kifuani mwa Shamsia walipotoka.

Walielekea shuleni, juu mlimani, mwendo wa dakika tano siku ya kawaida. Lakini kichochoro cha kwenda shuleni kilikuwa kimeziba. Paa zima la nyumba lilikuwa limelala katikati yake, na waya za stima zimeshuka hadi majini.

"Jamil! Usipite huko!"

Aliyeita ni Opicho, mlinzi wa jengo la kona, jengo la mawe ambalo mwenye nalo aliliacha likiwa na ghorofa moja na slabu ya saruji juu. Opicho na mkewe Kathini waliishi chumba cha chini. Sasa walikuwa juu ya slabu, na yeye alikuwa akipunga mkono.

"Pitia kushoto! Shikilia ukuta, usiuachilie!"

Walishika ukuta. Jamil alivuta mbele, Shamsia akasukuma nyuma, hatua kwa hatua, wakipapasa kwa miguu vitu wasivyoviona. Hatua kama thelathini zilikuwa zimebaki bati lilipokuja. Lilikuja chini kwa chini, halikuonekana, na Shamsia alijua tu kwa sababu Jamil alitoa sauti fupi ya mtu aliyekanyaga moto, kisha maji yaliyomzunguka yakabadilika rangi.

"Nini?"

"Paja. Sukuma."

Alisukuma. Jamil alijitahidi hatua nyingine tano, akapiga goti, akameza maji. Mlango ukaanza kuzunguka, ukielekea mahali kichochoro kinapofungukia mtoni. Rufaida alilia. Bi Ummulkheir hakulia. Alikuwa ameushika mguu wa mtoto kwa mkono wake mzima.

Hapo ndipo Opicho alipojitupa majini.

Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, na bado amevaa koti lake la kazi. Alimkamata Jamil kwa ukosi kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili, akauelekeza mlango kwenye ngazi za jengo, akausukuma kwa kichwa na mabega kama mtu asukumaye gari lililozima. Kathini alishuka ngazi, akamdaka mtoto. Shamsia akapanda, akavuta kamba. Wakamvuta bibi. Wakamvuta Jamil. Shamsia akageuka kumpa Opicho mkono.

Alimwona. Alikuwa karibu, pengine urefu wa kitanda, kiganja kikiwa wazi. Kisha tangi kubwa la maji, lile jeusi la juu ya nyumba, likaja likizunguka, likapita mahali alipokuwa. Lilipokwisha kupita palikuwa maji matupu.

"Opicho!" Kathini aliita. Aliita mara nyingi. Alikimbia hadi ukingo wa slabu upande wa mto, akaita huko. Sauti ilipokwisha alikaa chini palepale, uso ukielekea mtoni.

Shamsia hakupata nafasi hata ya kumwendea. Damu ya Jamil ilikuwa inatiririka kwenye saruji, ikichanganyika na mvua. Bati lilikuwa limelichana paja kuanzia karibu na goti kwenda juu, na ndani ya mpasuko damu iliruka kwa vipindi.

"Nisogeze," alisema Bi Ummulkheir. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yalitoka nusunusu, lakini Shamsia aliyazoea. "Nisogeze kwake. Mkono wangu… kwenye kinena. Hapo. Hapo chini ya mfupa. Niegemeze."

Shamsia alimburuta, akamweka kando ya mwanawe, akakipeleka kiganja chake mahali alipotaja. Bi Ummulkheir akakaza mkono ulionyooka, akaulalia kwa uzito wake wote. Damu ikapungua. Ikawa ya kuchuruzika tu.

"Sasa funga kidonda. Leso safi. Ijaze ndani kwanza."

Shamsia akafanya hivyo, na Jamil akanguruma mpaka sauti ikamwisha.

Mvua ilikatika saa tatu. Kuzunguka slabu, Mukuru ilikuwa bahari ya paa. Watu walionekana mbali, juu ya mabati, wakipunga nguo. Ndege ya polisi ilipita juu mara moja, ikaenda zake. Simu ya Jamil ilikuwa imekufa kwa maji. Ya Kathini ilibaki chini chumbani.

Jua lilitoka kali. Jamil alianza kuomba maji.

Maji yalikuwa kila upande na hakuna aliyeweza kuyagusa kwa mdomo. Kathini, bila kugeuka, alisukuma nyuma chupa aliyokuwa amepanda nayo. Ilikuwa nusu.

"Mpe," alisema.

"Kathini, dada yangu, na wewe je?"

"Nimesema mpe."

Jamil akapewa vifuniko vitatu, Rufaida viwili. Shamsia alipoipeleka chupa kwa mama mkwe wake, yule mama aligeuza uso.

"Nimefunga."

Ilikuwa Ramadhani, ndiyo, na Shamsia mwenyewe alikuwa amefunga. Lakini Bi Ummulkheir hakuwa amefunga hata siku moja tangu kiharusi. Daktari alimkataza, na kila asubuhi ya mwezi huo Shamsia ndiye aliyemnywesha uji. Wakatazamana. Shamsia akakifunga kifuniko, na kinyongo kilichokaa kifuani mwake miaka miwili kikaanza kumchoma.

Akakaa nyuma ya mama mkwe wake, akampa mgongo wa kuegemea ili asianguke.

Bi Ummulkheir alisoma Yasini, aliyoihifadhi tangu utotoni. Ulimi ulipomkwama katikati ya aya, Rufaida aliipokea na kuisukuma mbele, naye akaidaka tena. Upande wa pili Kathini alikuwa ameanza kuomba kwa Kikamba, chini kwa chini, jina la mumewe likirudi kila baada ya maneno machache. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Saa nane, saa tisa. Jamil alianza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mkono wa Bi Ummulkheir ulikuwa unatetemeka kuanzia begani, na damu ikaanza tena kupita.

"Shamsia." Mama mkwe alikuwa analia, mara ya kwanza. "Mkono umekwisha. Haunisikii tena."

"Acha nikandamize mimi."

"Umejaribu. Hukupata mahali pake." Ilikuwa kweli, mara mbili walibadilishana na mara mbili damu iliruka. "Funga juu ya kidonda. Kamba, na chuma cha kupotolea. Ukaze mpaka damu isimame kabisa."

"Na mguu?"

Bi Ummulkheir alifuta machozi begani. "Waokoaji wakija mapema, Mungu anajua. Wakichelewa, mguu unakufa. Usipofunga, anakufa mwenyewe."

Shamsia alimtazama Jamil. Alimwita kwa jina, hakumsikia. Angependa mtu mwingine yeyote aamue, lakini mtu mwingine hakuwepo. Kathini aliinuka wakati huo, mara ya kwanza tangu asubuhi. Alichukua kipande cha nondo kilichobaki pale juu, akakileta, akapiga magoti.

"Wewe potoa," alisema. "Mimi namshika."

Shamsia alisema bismillahi, akapotoa. Alipotoa mpaka damu ikasimama, akaifunga nondo isilegee.

Waliwafikia jua likikaribia kuzama. Walikuwa vijana wa mtaani wenye kamba ndefu na tyubu za lori, wameanza asubuhi upande wa juu na walikuwa wanashuka paa kwa paa. "Wangapi?" aliuliza wa mbele.

"Watano," Shamsia alijibu, na Kathini akamtazama. "Tulikuwa sita," Shamsia akaongeza.

Hospitalini walimkata Jamil mguu juu ya goti. Siku ya tatu, alipoweza kuongea, Shamsia alimwambia ukweli wote: nani alifunga, saa ngapi, na kwamba alijua mguu ungeweza kufa. Jamil alisikiliza huku akitazama shuka ilivyolala bapa upande mmoja.

"Ningekuwa na miguu miwili leo," alisema, "ungekuwa umenizika nayo."

Akamshika mkono, na usiku ule wote wawili hawakulala.

Familia yao na nyingine nyingi zilipewa madarasa ya shule walale humo. Kila asubuhi Shamsia alimwogesha mama mkwe wake, akamwachia Rufaida, kisha akashuka na Kathini kando ya mto. Walipita kwenye tope lililokauka, wakigeuza mabati kwa fimbo, wakiuliza watu. Siku ya Idi pia walikwenda. Siku ya kumi na nne walimpata, mbali sana chini ya daraja, na Kathini alimtambua kwa koti.

Opicho alizikwa kwao Bungoma. Jamil alikuwa na wiki moja tu nje ya hospitali, na daktari alimkatalia safari. Alikwenda. Wanaume walipopokezana sepetu, yeye hakuweza kusimama kwa magongo na kushika mpini, kwa hiyo aliyaweka magongo chini, akajishusha ardhini, akajivuta kwa makalio mpaka ukingoni mwa kaburi, mbele ya ukoo usiomjua. Akaanza kusukuma udongo kwa mikono.

Shamsia akaketi kando yake, akasukuma naye. Kathini akaja, akaketi upande wa pili. Wenye sepetu wakasimama, wakawangoja.