Abiria Kutoka Msituni

Kabla ya kuruka, rubani alikuwa na kawaida ya kuwaita wenzake mmoja mmoja kwenye redio ya masikioni, na kila mmoja alimjibu "nipo". Mwongoza njia, nipo. Mtupa mabomu, nipo. Kijiko, yule mwembamba wa bunduki ya mkiani, nipo. Asubuhi moja, baada ya Kijiko, ikaja "nipo" nyingine, ya chini, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Kijiko, acha mzaha."

"Mimi nimeshajibu, kaka. Huyo si mimi."

Rubani hakubishana. Alikuwa hoi. Safari za vita zilikuwa zimemchanganyikia kichwani hata hakujua tena ipi ilitangulia ipi. Wenzake walimwita Mkulima, kwa sababu ndiye pekee kikosini aliyetoka shamba, mtoto wa mama mjane, na kila akiitazama ardhi kutoka juu, jicho lake lilikwenda kwanza kuona imelimwa vipi. Aliwasha injini, akapaa.

Huko juu kulikuwa na baridi ya kugandisha mate. Hata hivyo, harufu iliyowajia ilikuwa ya udongo uliolowa, majani yaliyooza na moshi wa kuni mbichi. Mwongoza njia, aliyeketi nyuma yake, alimgusa bega.

"Unaisikia hiyo harufu?"

"Naisikia."

"Ni ule msitu."

Jana yake walikuta mji waliotumwa kuupiga umefunikwa na mawingu, na kwa kuwa hakuna rubani anayetaka kutua na mabomu tumboni, waliyamwaga yote msituni wakiwa njiani kurudi. Msitu mtupu, hauna paa wala kijia. Mkulima aliona hata afadhali. Leo sijaua mtu, alijiambia.

Tangu hapo ndege ikawa nzito. Mafundi waliipekua mpaka wakachoka, hawakuona kitu. Kijiko akaanza kuchukia kukaa peke yake mkiani, na siku moja, mchana kweupe, wakiwa wamekaribia mji mwingine, sauti yake ilikuja ikitetemeka.

"Kaka. Kaka, kuna mtu huku."

"Wapi?"

"Juu ya mabomu. Amejikunyata, kichwa kakiweka magotini. Nywele zinafuka moshi. Kaka, anainua uso."

"Usimtazame. Kijiko, nisikilize, usimtazame."

Mtupa mabomu akafungua milango ya tumbo la ndege, mzigo ukashuka, na Mkulima, mikono yote miwili kwenye usukani, akasubiri ule wepesi anaoujua kila rubani, ndege inaporuka juu kama punda aliyeshushwa magunia, akasubiri, akasubiri, na wepesi haukuja, bali uzito ukahama kutoka tumboni, ukaja taratibu kwenye ujia mwembamba wa katikati ya ndege, ukampita mwongoza njia aliyekuwa amefumba macho akinong'ona dua, mpaka ukafika nyuma ya kiti chake, ukampanda mabegani, ukiwa na joto, ukipumua.

Kijiko walimshusha mzima wa mwili, lakini hakusema neno tena, si siku ile, si hospitalini walikomlaza. Daktari wa kikosi alimwona Mkulima anavyotembea ameinama, akasema ni uchovu, akampa likizo.

Nyumbani alimkuta mama yake uani anapukuchua mahindi. Mama alisimama amkumbatie, kisha akasita.

"Mwanangu, umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Usinifiche. Ona mbuzi walivyojibana zizini."

Mama hakungoja jibu. Alikwenda kumwita mdogo wake, mshona sare za shule, ambaye watu walimwendea pia kwa mambo ambayo hawakuyasema kwa sauti. Mama mdogo alikuja na ubani kwenye kigae, akafunga madirisha, akakaa chini mbele ya Mkulima.

"Wewe uliyemkalia mtoto wetu, unataka nini?"

Mdomo wa Mkulima ulifunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Kulala."

"Basi kalale kwako."

"Kwangu ni shimo. Nilikuwa na mti, tangu hapajawa na mtu wa kuupa jina. Huyu akapita juu. Hata hakutazama chini."

"Tukuchinjie nini, umwache?"

"Sina njaa. Nimechoka."

Mama mdogo alikisogeza kigae pembeni. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Dada," alinong'ona, "mimi jini namfukuza arudi alikotoka. Huyu nitamrudisha wapi?"

Mama alifuta viganja kwenye kanga, akafuta tena.

"Chumba cha nyuma kitupu," alisema mwishowe. "Tangu marehemu baba yake afie mle, sikitumii."

"Dada! Uishi na hiki kitu?"

"Ningefanyaje? Nimwache mwanangu atembee hivi mpaka lini?" Akamgeukia Mkulima, akatazama juu kidogo ya mabega yake. "Haya, shuka. Utakaa na mimi."

Sakafu ilitoa mlio. Kitu kikapita kati ya wale wanawake wawili, na ubani ukalala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Mlango wa chumba cha nyuma ulijifunga wenyewe, polepole, kwa adabu. Mkulima alinyoosha mgongo, akalia kama mtoto, kisha akalala palepale mkekani.

Likizo ilipokwisha alimwomba kamanda amtoe angani, hata afagie bohari.

"Marubani wameisha," kamanda alimjibu bila kuinua macho. "Kapumzike ukifa."

Akaendelea kuruka. Mawingu yalipofunika miji, mzigo ulimwagwa kwenye misitu mingine, kwenye mabwawa, kwenye vilima vya mawe. Kila mara alinong'ona, "Mnisamehe," na kila mara vidole vyake vilibaki kwenye usukani.

Vita vilipokwisha, wenzake walicheza na kuimba. Yeye aliomba usafiri wa kwenda kwao.

Mama alikuwa amekonda, ila mtulivu.

"Anakusumbua?" Mkulima aliuliza, akielekeza kidevu kwenye mlango wa nyuma.

"Hapana. Analala. Siku nyingine analia, nami nakaa naye mlangoni."

Mkulima alikuwa bado ameshika begi lake aliposikia shamba likivuma. Alitoka barazani. Jua lilikuwa la utosi na hapakuwa na upepo, lakini mahindi yalikuwa yakipasuka njia, si njia moja, njia nyingi, kutoka kila upande, zikija nyumbani kwa mwendo wa watu waliotembea mbali, na harufu ikatangulia, ya tope la bwawa, ya mawe yaliyoungua, ya magome yaliyogeuka makaa. Kwenye ukingo wa ua njia zote zikakoma. Vumbi likabonyea hapa, likabonyea pale, likabonyea kote, kama umati unaokaa chini kungoja.

"Mama," alinong'ona. "Ni wangapi hao?"

Mama alikuja akasimama kando yake, akautazama ua wake uliojaa.

"Wewe ndiye wa kujua, mwanangu," alisema. "Nenda kahamishe kitanda chako, wapate pa kulala."