Tokusa ya Ine

Mtaani kwetu hakuna anayebeba tofu, jibini laini la soya, bila kuivunja isipokuwa mimi. Ndiyo maana asubuhi ile ya joto, nyenze wakilia mitini, Kinzo mchonga vitana alinifungulia mlango hata kabla sijabisha.

Sauti ilitoka chumba cha ndani. Shwaa. Shwaa.

"Nani anasugua kitana, Kinzo bwana, na wewe uko hapa?"

"Punguza sauti, we muuza maji ya soya," alininong'oneza. "Ni Ine."

Ine, mkewe, tulimzika majira ya baridi.

Ine ndiye aliyepanda tokusa kando ya birika la mawe: mabua ya kijani yasiyo na majani, hayanyauki hata thelujini, na ganda lake hukwaruza kama msasa. Aliizungushia vigae chini ya udongo, maana mizizi yake huzurura. Aliyakata mabua, akayachemsha, akayaanika, akasugulia vitana vya mumewe. Kilichobaki hakijasuguliwa ni kimoja, cha harusi ya binti yao, Sayo.

Siku za Bon, sikukuu ya wafu, marehemu hurudi nyumbani. Siku ya mwisho tunawasha moto mlangoni, waione njia ya kurudi kuzimu. Jana yake, milango yote ilikuwa na moto. Kwa Kinzo, giza.

"Hukumwashia?"

"Amalize kwanza kitana cha mtoto." Macho yalimjaa maji. "Halafu... nyumba hii kubwa, ndugu yangu."

Mimi siogopi kitu. Nikashika mlango wa ndani, nikausogeza.

Tokusa ilikuwa imetoboa mkeka, imesimama chumbani. Hapakuwa na mtu. Kitana kilicheza hewani, kiking'aa kama asali.

Kitu kikavu kikanipita kwenye kidole gumba. Mara moja tu.

Nikakimbia. Tofu nikaiacha.

Kitana kilikamilika. Kusugua hakukukoma. Bakuli zikawa nyembamba kama karatasi. Nguzo ikapungua. Kinzo akanionyesha viganja vyake: laini, havina mstari hata mmoja.

"Ananishika," alisema. "Hajui kuacha."

Sayo alipofika, meno ya kitana yalikuwa membamba kama nywele.

"Baba, umemfanyisha kazi mama hata kaburini?"

 Sayo akakichukua kitana, akakichomeka kichwani.

"Mama, kimependeza. Basi, mama. Pumzika."

Shwaa ikakatika.

Jioni hiyo Kinzo aliwasha moto mwenyewe, mabua makavu yakiponyoka katika viganja vyake laini. Alilia kwa sauti, mbele ya mtaa mzima.

Sayo aliolewa akiwa na kitana kile kichwani.

Kidole gumba changu cha kulia kiko hapa, njoo ukitazame. Ukikipaka wino kinaacha doa tupu, lisilo na mstari hata mmoja. Kila mwaka mioto ya kuaga ikiwashwa, kinapata joto, kama ndiyo kwanza kimetoka kusuguliwa.