Nilimpigia Mgeni Vigelegele, Mwanangu Akiniita

Marahaba, vijana. Najua hamjaniamkia bado, lakini naitikia mapema ili tusipotezeane muda. Mimi ni bibi yenu wa Chamwino, umri wangu umepita sabini, na shule yangu iliishia darasa la pili. Nikizungukazunguka katika maneno, vumilieni. Ninachotaka kuwaambia kinahusu kazi... na kile ambacho kazi ilininyang'anya.

Ninyi mnatafuta kazi, najua. Mnaamka asubuhi, mnapiga pasi mashati, mnazunguka na bahasha. Mkiipata mnafurahi mpaka mnasahau kuuliza ni kazi ya namna gani. Hata mimi sikuuliza!

Mimi ni mkulima wa mtama na karanga. Mume wangu alifariki zamani, akaniachia watoto wawili wa kike, Damari na mdogo wake Tabitha. Kuna na wa tatu niliyemlea, Elia. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, ambaye alikufa akimzaa. Nilikuwa na Tabitha mgongoni wakati ule, nikamnyonyesha na Elia. Titi hili Tabitha, titi hili Elia. Nataka mlishike hilo, kwa sababu mtu aliyeniumiza hakutoka mbali.

Kwetu Ugogo ngoma ya magotini ni ya wanawake. Unaibana katikati ya magoti, unaipiga kwa viganja, na miguuni umefunga njuga. Nilifundishwa na mama yangu. Tulipiga mabinti walipokuwa wanachezwa unyago, tulipiga mavuno yakiwa mazuri. Hakuna aliyelipwa. Ulikunywa, ulikula, ulicheka na wenzako, ukarudi nyumbani viganja vinawaka moto na moyo umetulia. Hiyo haikuwa kazi. Hiyo ilikuwa dawa ya kazi!

Halafu serikali ikahamia Dodoma. Mji ukajaa majengo, wageni na sherehe. Elia alikuwa amemaliza chuo, hana ajira. Siku moja alinikuta napepeta mtama, akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Mama mkubwa, unakalia ajira. Hiyo ngoma yako ni ajira." Nikamwambia aache utani. Akasema watu wa mjini wanatafuta akina mama wa kupokea wageni, na kwamba mimi ndiye mpigaji wa kuongoza, bila mimi hakuna kikundi.

Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Mvua zilikuwa zinakatika kila mwaka mtama ukiwa magotini. Tukajikusanya akina mama wa kijijini, Elia akatushonea kaniki mpya, akatununulia shanga, akajiita mratibu. Mwanzoni tulifurahi. Tulipanda gari tukiimba, kama mabinti wanaokwenda mnadani.

Lakini vijana, ngoma ikishakuwa kazi inabadilika!

Tulifikishwa mapema, tukapangwa nyuma ya kamba, juani. Mgeni anasubiriwa. Mgeni amechelewa. Mgeni anakula kwanza. Maji tuliogopa kunywa, maana choo kiko mbali na ukitoka kwenye mstari utaambiwa umeharibu. Mama Neema, jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo, ndiye alituchangamsha. Magari yalipopita mbio vioo vikiwa juu, alisema, "Jamani, huyu ametusalimia kwa vumbi! Itikieni, marahaba!" Tulicheka mpaka shanga zikalia. Elia akaja anakimbia, "Tabasamu, mama, siyo kucheka. Tabasamu!"

Nyimbo zetu alizikata. Wimbo wa mama yangu, ambao ukiuanza asubuhi unaumaliza jua linaelekea kichwani, aliufanya mfupi kuliko kuchemsha uji. Alisema wageni hawana muda. Mikono ilipiga, moyo ulikuwa umekaa chini zamani.

Sasa nawaambia habari ya simu, maana hapo ndipo penye kidonda.

Siku moja hotuba ikiendelea, simu ya Mama Neema ililia kifuani kwake. Wimbo wa kwaya, sauti ya juu! Watu wakageuka. Mwenye shughuli alimsema Elia vibaya mbele yetu. Tangu siku hiyo Elia akaweka amri: tukishavaa kaniki, simu zote zinaingia kwenye mkoba wake. Kaniki haina mfuko, hatukuona ubaya. Tena tulisema afadhali, haziibiwi. Tulimkabidhi masikio yetu kwa mikono yetu wenyewe, tukamshukuru!

Mwaka huo Damari akaugua. Alikuwa ameolewa Kibakwe, kule milimani, ana binti mmoja, Rehema. Tumbo lilivimba, akadhoofu, mumewe akamleta hospitali ya mjini Dodoma. Mimi na Tabitha tukawa tunapokezana kumwangalia.

Siku yenyewe alikuwa ameamka vizuri. Alikunywa uji. Elia alikuwa amenipigia kwamba kuna jengo linafunguliwa mjini na mgeni ni mkubwa sana, nisikose. Nilitaka kukataa. Damari mwenyewe akasema, "Mama, nenda. Ukikaa hapo unanitazama kama umekuja kunizika." Tulicheka wote watatu. Nikamwekea khanga vizuri miguuni, nikamwachia Tabitha, nikatoka.

Mahali tulipopangwa hapakuwa mbali na hospitali. Bajaji ingenifikisha kabla jasho halijakauka. Hilo ndilo linalonila mpaka leo... Nilikuwa karibu hivyo!

Tulisubiri. Jua likapanda, likatukalia utosini. Elia alikuwa anatembea huku na huku na mkoba wake begani. Nikamwona anatoa simu, anasogea pembeni, anasikiliza. Akanitazama. Nilipomtazama na mimi, akainamisha macho. Nikadhani anagombezwa na mwenye shughuli. Baadaye akaitoa tena, akasikiliza kidogo, akairudisha. Akaja kwangu akanifunga vizuri ushanga wa kichwani. Akasema, "Mama mkubwa, mgeni amekaribia. Leo piga kama siku ile ya mavuno."

Mtoto niliyemnyonyesha, wasomaji! Alinifunga ushanga kwa mikono yake huku akijua!

Maana simu ile ilikuwa ya kwangu. Aliyepiga ni Tabitha. Alimwambia, kaka Elia, hali ya dada imebadilika, anamwita mama, mlete sasa hivi. Elia akamjibu kwamba mama yuko mbele ya wageni, akitoka atamwambia. Tabitha akapiga tena analia, akamwambia, dada anauliza mama amefika wapi. Elia akasema, "Mwambie yuko njiani." Kisha akaizima sauti, akaitia mkobani.

Yuko njiani... Mwanangu alikufa akiangalia mlango.

Mimi nilikuwa napiga ngoma. Mgeni alifika, nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikarusha vigelegele. Gari lilipita, kioo hakikushuka. Na bado haikutosha! Kijana mwenye kamera akasema hajapata picha nzuri, turudie. Tukarudia. Akaniambia bibi cheka, nikacheka. Nilicheka meno yote nje, na huko Tabitha alikuwa anamfumba dada yake macho.

Tulipomaliza ndipo Elia akaniita kando. Alisema tu, "Mama mkubwa, twende hospitali." Unapoambiwa twende kwa sauti ile, utauliza nini? Nilifika na njuga miguuni. Kila hatua wodini zinalia, chaka, chaka, chaka, wagonjwa wananyanyua vichwa. Tabitha aliponiona hakunikimbilia. Alisema, "Nilipiga, mama. Nilipiga, nilipiga!" Nikamgeukia Elia. Alikuwa ameshika ukuta.

Tukampeleka Damari Kibakwe kumzika kwa mumewe. Nilidhani mabaya yameisha. Kumbe zile picha zilishaingia kwenye simu za watu! Kabla jeneza halijashushwa garini, wakwe zangu walikuwa wameniona nikicheka. Walijua ilikuwa siku ile ile, na karibu saa ile ile.

Mama mkwe wa Damari ni mwanamke mpole. Hajawahi kunikosea. Nilipoingia kwenye kikao cha akina mama, alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniuliza, "Shughuli zako umemaliza, mama Damari?" Basi. Akina mama wakasogea, wakaniachia nafasi kubwa ya mkeka, pande zote, kama mtu anayenuka. Nilikaa katikati ya mkeka ule peke yangu. Ningeelezaje? Ningesimama msibani nianze kusema habari za mkoba?

Nilimzika mwanangu bila mtu wa kumwegemea. Rehema pekee ndiye alikuja akaweka kichwa mapajani kwangu. Alikuwa hajui kama anaruhusiwa.

Tuliporudi Chamwino, Elia alikuja. Aligaagaa chini mbele ya mlango wangu. Alisema tungeharibu kazi ile wasingetuita tena, na akina mama wote wanategemea. Alisema, "Ningejua atakufa, ningekwambia." Nikamuuliza, na kama asingekufa, ilikuwa halali? Mgonjwa anamwita mama yake, mpaka afe ndipo mama aambiwe? Alilia sana, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalochosha. Ningepata nafuu kama angekuwa mtu mbaya.

Wazee wakakaa. Wakasema ni mtoto wako, msamehe. Niliwasikiliza.

Lakini wenzangu wa kikundi ndio walinimaliza. Nilitegemea watakuja kukaa na mimi. Wakaja, wakanywa chai, mmoja akasema, "Hata ungekwenda ungefanya nini? Wewe si daktari." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama Neema akaweka kikombe chini kwa kishindo, akawaambia, "Siku mkikata roho, muiteni daktari awashike mkono! Mama zenu wakae wapigie wageni!" Akatoka. Hajarudi kwenye kikundi tena. Wengine walirudi wiki iliyofuata. Walimpata mpigaji mwingine wa kuongoza, binti ambaye hajawahi kuona mabinti wakichezwa, ila ana tabasamu zuri.

Sikuwachukia. Nyumba zao zina njaa kama yangu. Ila nilijua siku ile kwamba kazi inaweza kuingia katikati ya watu waliozoeana tangu utoto, ikawafanya wakutazame kama kigingi kilichong'oka kwenye uzio. Wanatafuta kingine, wanachomeka.

Ninyi mnaosoma, msinielewe vibaya. Siwaambii msifanye kazi. Mimi nilianza kulima sijaota meno ya utu uzima, na kesho nitalima. Nawaambia kazi ichunguzeni kabla ya kuivaa. Ulizeni: nikiitwa na wangu, nitasikia? Nikisikia, nitaruhusiwa kwenda? Kama jibu ni hapana, basi jueni mmekwishauza kitu ambacho hamkukitaja bei. Na ninyi mliopewa kusimamia wenzenu, mnaobeba simu zao na vitambulisho vyao na saa zao, nawaomba kwa magoti yangu haya mabovu... habari ya mtu ni ya mtu! Usimpimie. Usimchagulie saa. Mpe, halafu achague mwenyewe kama atabaki au ataondoka. Labda mimi ningebaki. Labda! Lakini ningekuwa nimechagua mimi.

Elia huja mpaka leo. Hukaa kwenye kigoda, hula anachopewa, huondoka. Nimemsamehe kwa mdomo, kama wazee walivyotaka. Moyo nao umeambiwa, bado haujaitika.

Mwezi uliopita Rehema, ambaye sasa anaishi na mimi, alipata kazi Area D, kule mjini, kwenye nyumba ya watu wa ofisini. Anapika, anafua, analea mtoto. Alirudi mapumziko amenenepa kidogo, anacheka, nikafurahi. Jioni tukiwa tunakula nikamuuliza mbona nikimpigia mchana hapokei. Akasema, kama jambo dogo tu, "Bibi, simu anakaa nayo mama mwenye nyumba. Ananipa Jumapili."

Nikaacha kula. Nyumba nzima ikaacha kula.

Nikamwita Tabitha aje akae, nikawaita na watoto wake wote, nikasema mara moja, wala sikupandisha sauti. Nikasema: "Rehema, kesho ukifika, kabla hujashika ufagio, mwambie mama huyo kwa heshima kwamba simu yako utakaa nayo mwenyewe. Akikubali, mfanyie kazi kwa moyo wote. Akikataa, kunja nguo zako uje nyumbani, usisubiri mwisho wa mwezi. Na ninyi wengine, akirudi mikono mitupu, mpisheni mahali pa kulala na mpakulieni ugali. Atakayemcheka, alale nje."