Chakula cha Mwili cha Daktari Vasko

"Mzigo umefika Jego. Mkamate sindano ikiwa mkononi. Isimguse mtu."

Sauti ya mpelelezi Rai kutoka Matuga ilikatika kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa mwenzake, Salwa. Salwa alikuwa wa pili kwenye foleni ya sindano, ndani ya buibui, bastola ya Glock 19 kiunoni. Ilikuwa saa sita kasorobo mchana.

Mbele yake alikuwa Bi Mwanafatuma, bibi wa wajukuu saba. Nyuma yake, wanawake arobaini. Mezani, mtu wa kukamatwa: mpumbavu mwenye koti jeupe.

Alijiita Daktari Vasko. Digrii alikuwa nazo, haya hakuwa nayo. Seli ya mwili ina adabu: hunakili DNA yake mara moja, kisha hugawanyika. Protini fulani hutoa ruhusa ya kunakili. Nyingine huifuta ruhusa hiyo kazi ikishaanza, isirudiwe. Dawa ya Vasko ilizinyamazisha zile za kufuta. Seli ingenakili, ikanakili tena, hadi DNA ivurugike na saratani ipate mlango. Mabwana zake wa ng'ambo walitaka kujua ingechukua miezi mingapi. Panya wa majaribio walikuwa wamewachosha. Waliichagua Jego kwa kuwa walidhani watu wake hawana mwenyewe.

Salwa aliona kinyaa.

Vasko aliivuta dawa kwenye sindano. "Shikamoo, mama. Hii ni vitamini. Chakula cha mwili."

"Marahaba. Chakula, umesema?"

"Ndiyo. Kinashibisha kabisa."

Bi Mwanafatuma akaushusha mkono wa buibui lake. "Basi mwanangu, mimi nimefunga. Rudi baada ya futari, inshallah."

Nyuma yake, mikono ya mabuibui ikashuka mmoja baada ya mwingine. Shikamoo Vasko alifundishwa. Alizijua herufi za DNA zote, lakini hakujua kuwa huu ni mwezi wa Ramadhani.

Akapandwa na hasira. Akamshika bibi mkono kwa nguvu.

Ncha ya sindano ilibakisha upana wa vidole viwili kuigusa ngozi.

Salwa akamkunja Vasko kifundo cha mkono. Sindano ikaanguka mezani, nzima. Glock ilikuwa tayari shingoni mwake.

"Ni vitamini tu," Vasko alisema.

"Vizuri. Lete mkono wako wa pili, nikudunge."

Vasko akauficha mkono nyuma ya mgongo. Foleni nzima ilimwona.

"Rai. Sindano ninayo. Hakuna aliyeguswa."

"Pingu?"

"Nimeshamtia. Leta gari."

Jasho likamtiririka Vasko. Akaomba maji. Bi Mwanafatuma, midomo mikavu kwa saumu, akaenda mwenyewe mtungini akamletea kikombe.

"Kunywa. Mgeni ni mgeni."

Vasko akakitazama kikombe. Akakinusa. Hakunywa.

"Anaogopa nini huyu?" bibi aliuliza.

"Anadhani kila mtu ni kama yeye, bibi."

Salwa akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akamwongoza Vasko hadi kwenye gari la Rai, akaenda zake polepole.