Aliyepunguza Mwendo

Jua lilikuwa linazama nilipopita chumba chetu cha mazoezi kuchukua maiki yangu. Chumba chenyewe kiko nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Bendi yetu ni ndogo. Mume wangu anapiga gitaa, mdogo wangu wa kiume besi, mimi naimba. Mpiga dramu tunamwita Radi, na ukimsikia akipiga hutauliza kwa nini.

Kesho yake tulikuwa tunatumbuiza kwenye sherehe ya meneja mmoja anayestaafu. Alikuwa ameomba roki ya ujana wake. Wimbo wa mbio, kii ya E meja, ile ya furaha, wa kumwinua hata mwenye magoti mabovu. Tuliufanyia mazoezi wiki nzima.

Nilipofika mlangoni nikausikia.

Dum... dum... ta.

Ndio uleule. Ila polepole. Polepole kama watu waliobeba jeneza.

"Radi, umelewa?" nikauliza huku nacheka.

Hakugeuka. Umeme ulikuwa umekatika. Niliona mgongo tu kule kwenye kona, mabega yakipanda na kushuka. Na harufu... ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake, besi mapajani.

"Dada," alinong'ona, "nimemkuta anapiga, nikaungana naye. Sasa vidole havitaki kuacha."

Nikadhani utani wake wa kawaida. Kisha nikasikiliza vizuri. Meja ilikuwa imegeuka maina, kii ya huzuni. Kila ubeti ulipoisha, kii ilishuka kidogo, na hakuna aliyegusa vigingi vya kukazia nyuzi za besi. Wimbo wa kucheka ulikuwa unalia.

"Imba."

Sauti ilitoka kwenye kona. Haikuwa ya Radi.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikaimba. Na nikiwa katikati ya ubeti nikahisi kitu kifuani. Moyo wangu ulikuwa unafuata dramu.

Dum...

Dum...

Mikono ikafa ganzi. Nikamtazama mdogo wangu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kichwa kikaangukia besi.

Moyo wake ulikuwa unangoja pigo linalofuata.

Na pigo lilikuwa linachelewa.

Huyu mtoto nimemlea mimi, mgongoni kwangu, tangu mama afariki. Sijui akili ilitoka wapi. Nikaanza kupiga makofi, kwa mwendo wetu wa mazoezini, nikaupandisha wimbo mpaka kwenye kii yake. Yule wa kwenye kona akagonga kwa nguvu kunivuta chini. Nikakosea maneno. Nikaendelea hivyohivyo. Nikapiga magoti, nikawa nampiga mdogo wangu kifuani kwa kiganja, pa-pa-pa-pa, namwimbia sikioni kwa kupiga kelele.

Akakohoa.

Dramu zikanyamaza.

Umeme uliporudi, kwenye kona hapakuwa na mtu. Dramu zilikuwepo, lakini zilikuwa wazi kama ndoo. Radi alikuwa amezivua ngozi zote mchana. Hatukukaa sana, akaingia na ngozi mpya kwapani, akituuliza kwa nini tumekaa sakafuni tunalia.

Fundi alituambia akiwa anatazama pembeni.

"Waliopanga kabla yenu walikuwa bendi pia. Mpiga dramu wao alifia palepale, anapiga. Wenzake wakamaliza wimbo kwanza, ndipo wakamwangalia. Mengine msiniulize."

Tulihama siku hiyohiyo.

Mdogo wangu yu hai, anafanya kazi, anatania watu. Daktari alimsikiliza kifua, akamsikiliza tena, akasema moyo ni mzima, una uvivu kidogo tu. Lakini kuna jioni mkewe hunipigia simu, sauti chini kabisa.

"Wifi, njoo. Moyo wake umeanza kupungua mwendo."

Naenda. Nakaa pembeni ya kitanda, napiga makofi, naimba wimbo ule kwa kasi mpaka damu irudi usoni.

Juzi niliimba muda mrefu. Mara wifi akanishika goti, macho yamemtoka.

"Wifi... mbona mguu wako unapiga polepole?"

Nikautazama. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu, taratibu.

Si mimi niliyekuwa naupigisha.