Kimya Kilichomfukuza Mwalimu Gatwiri

Watu wa Kanyakine, ketini niwaambie. Nanyi mnaosoma mkiwa Meru mjini, Embu au popote, sogeeni karibu. Sisemi habari za jirani. Nasema zangu, na wengine wenu nitawataja, kwa sababu nimechoka kubeba peke yangu jambo tulilolifanya pamoja.

Jina langu ni Gladwell, Mama Makandi. Kwa miaka saba nilikuwa karani wa mkutano wetu wa Marafiki, lile kanisa dogo la mabati lililo juu ya kiwanda cha kahawa. Marafiki huku kwetu ni wachache, hata wengine hutuuliza kama sisi ni kanisa au chama cha akina mama. Sisi ni kanisa. Hatuapi hata tukiwa mahakamani, na hatushiki silaha. Jumapili tunaimba, tunasikia neno, kisha tunakaa kimya nusu saa tukimngoja Mungu. Tukiwa na jambo la kuamua, hatupigi kura. Tunakaa kimya vilevile, anayeguswa anasimama na kusema, mpaka karani aone mioyo imeelekea upande mmoja. Hapo anaandika, anasoma kwa sauti, na kila mtu anasema kwa mdomo wake kwamba ameungana. Akibaki hata mmoja asiyeungana, jambo linangoja.

Sheria hiyo naijua kuliko mtu yeyote katika mkutano ule. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa saba tulikuwa tumekaa katika kimya chetu. Nje kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya kwetu ya kuingia mifupani, ndani kila mtu amejifunga leso au koti. Mzee Mithika alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu Gatwiri, msichana aliyeongoza vijana wetu na kufundisha chekechea ya hapa karibu, alikuwa benchi lililotazamana na langu. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja kukamua. Mungu anisamehe, yale manyunyu juu ya mabati yalinibembeleza nikapitiwa na usingizi, na nilipoamka watu walikuwa wakipeana mikono kumaliza ibada. Nilienda nyumbani nikala githeri, nikawa na amani yangu.

Amani hiyo ilidumu mpaka Jumanne. Nilipeleka nduma sokoni Gakoromone kama kawaida, na kabla sijatua gunia, mama mmoja wa vitunguu akaanza kukoroma. Wa pili akadakia. Ikawa safu nzima ya vitunguu na karoti inakoroma, watu wanashika mbavu.

"Mama, umeamka? Mungu alipita ukiwa umelala," mmoja akaniambia.

Sikuelewa mpaka waliponionyesha simu. Nilikuwa mimi, kichwa nyuma, mdomo wazi, leso imeteleza, nikikoroma kama posho mili inayosaga mahindi. Mtu alikuwa ameweka muziki wa mazishi na kuandika chini: MAREHEMU ANAMNGOJA BWANA. Watu laki mbili na zaidi walikuwa wametazama. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minne, niliyepatanisha wakwe na wakwe na ndugu waliokatana panga kwa sababu ya mpaka, nikawa kichekesho cha Kenya nzima.

Niliuza zile nduma kwa bei waliyotaka wao, nikaondoka. Njiani sikulia. Nilikuwa nikimtafuta aliyenifanyia hivyo, na sikuchukua muda kumpata. Picha ilichukuliwa kutoka benchi la mbele yangu. Nani alikaa pale na simu mkononi? Gatwiri. Nani alisema mwezi wa tano, mbele ya watu wote, kwamba karani akae miaka mitatu kisha apishe wengine? Gatwiri. Sasa ninyi mnaonisikia mnaona jinsi nilivyokuwa nikihesabu. Hesabu yangu ilikuwa na jibu kabla sijaianza.

Sikumwuliza. Andikeni hilo mahali. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na sikumwuliza.

Nilitaka alie. Nilitaka asimame pale Gakoromone watu wamcheke yeye. Lakini mimi ni Rafiki, siwezi kumrukia mtu nimkwaruze, siwezi hata kumtukana hadharani. Nikakaa jikoni nikifikiria namna ya kumpiga bila mkono wangu kuonekana, na nikaipata kwenye grupu letu la WhatsApp. Niliandika hivi:

"Marafiki, nina mzigo moyoni. Mwalimu Gatwiri anarekodi watu kwa siri ndani ya ibada. Naona aondolewe kwa vijana, na wazazi wa shule yake wajulishwe. Tukae kimya mbele za Mungu hadi kesho saa sita. Asiye na neno la kupinga anyamaze."

Nikatuma. Tulikuwa watu thelathini na mmoja katika lile grupu. Nilikaa nikitazama alama za buluu zikijaa, kila mtu akisoma. Gatwiri pia alisoma. Hakuna aliyejibu.

Baadaye mlinipa sababu zenu. Kaberia, ulisema bando liliisha. Gatakaa, ulisema ulidhani mzee Mithika atajibu. Mzee Mithika alisema simu yake husomwa na mjukuu. Wengine mlikuwa mkichuma majani chai, wengine mlisema hamtaki maneno ya wanawake. Na mimi saa sita ilipofika nikafungua kitabu cha mkutano nikaandika kwa wino: "Baada ya kumngoja Bwana kimya, mkutano umeungana." Nikapiga muhuri. Nikaupiga picha ule ukurasa, nikauweka kwenye Facebook ya kanisa, kisha nikautuma kwa mzazi mmoja wa chekechea ambaye najua mdomo wake hauna mlango.

Hebu fikirini. Ukurasa wenye muhuri wa watu wasioapa, watu ambao mji mzima unajua hawasemi uongo, unasema mwalimu wa watoto wadogo anarekodi watu kwa siri. Wazazi wakauliza ana picha gani za watoto wao. Kesho yake mtu akaweka uso wake mtandaoni na kuandika "mwizi wa sura za watoto." Jioni hiyo waendesha boda wa stendi walikataa kumbeba. Ijumaa mwenye shule akamwita ofisini, akamwambia achukue vitu vyake.

Nami nilifurahi. Sitawadanganya. Nilipika chapati siku ile.

Gatwiri aliondoka kwenda kwa mama yake, Wamuyu, kule Kiritiri kwenye joto la Mbeere. Wiki tatu zikapita. Siku moja nilikuwa nakata nepia, majani ya ng'ombe, na mume wangu, Njuki, yeye akifunga mafungu. Njuki ni mtu mpole, huwa hamalizi sentensi. Siku hiyo alimaliza.

"Mama Makandi, ile video nilichukua mimi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia arudie, akarudia.

"Miaka ishirini na sita nakwambia unakoroma, unakataa, unasema ni mbwa wa jirani Gikunda. Siku hiyo nikasema leo nitakuonyesha. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Gatwiri. Nikamtumia ndugu yako tu, tucheke. Sijui yeye alimtumia nani."

Nilikuwa na panga mkononi. Nililiweka chini polepole, kwa sababu sikujiamini.

"Na nilipoandika kwenye grupu, wewe ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukanyamaza."

"Nilikuogopa," akasema. "Ukishakasirika, wewe si mtu wa kuambiwa kitu. Nikasema utapoa. Halafu nikaona muhuri."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mengine niliyamaliza jioni, na mengine asubuhi. Nilihamisha godoro lake likaenda chumba cha Makandi, na mpaka leo liko huko. Nilimpigia ndugu yangu simu nikamlaani kama mtu asiye na dini. Nilitaka wote waumie. Ilinichukua siku nne kuona kwamba nilikuwa nikiwatafuta wengine ili nisijitazame.

Jumapili nilisimama katika kimya, nikasema yote. Mzee Mithika akasimama baada yangu, akiegemea benchi.

"Karani," alisema, "kimya chetu tunakaa chumba kimoja ili nione uso wako nawe uone wangu. Mtu akiwa na uchungu tunamwona. Wewe uliona nini kwenye simu?"

"Niliona alama za buluu."

"Ukasema hizo ni Mungu," akasema, kisha akakaa. Nilimwambia na yeye alikuwa alama moja kati ya hizo. Siku hiyo tuliandika kwamba kumbukumbu ile ni ya uongo, kila mmoja akasema kwa mdomo wake, nami nikaacha ukarani.

Nilifika Kiritiri siku ya Jumatano. Wamuyu alikuwa akipepeta ndengu uani. Nilipomwambia mimi ni nani, hakuniambia keti.

"Mimi si Rafiki," alisema. "Dini yangu ingeniruhusu nikupige na huu ungo. Shukuru yeye yuko hapa."

Gatwiri alitoka ndani. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti kwenye makapi ya ndengu nikasema niliyokuja kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niinuke, magoti yangu hayamsaidii.

"Mama karani, unajua siku ile nilifanya nini? Nilikaa na simu usawa wa macho tangu uandike mpaka saa sita. Nilikuwa nangoja mtu mmoja. Mmoja tu aandike, 'Hebu tumwulize kwanza.' Nikijitetea mwenyewe mngesema nabishana na mkutano. Watu thelathini niliowapikia chai na kuwafundishia watoto. Sasa wewe unalia nini?"

"Nataka unisamehe."

"Kusamehe nitasamehe, nimelelewa hivyo. Lakini nilikuwa na watoto ishirini na sita darasani. Uliwaambia wazazi wao kwa simu. Sasa nenda uwaambie kwa miguu, nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe, na usitume mtu wala meseji. Ukimaliza ndio tutaongea."

Nilitembea wiki tano. Watu wa Kanyakine, mliniona, na baadhi yenu mlinichungulia dirishani mkajifanya hampo. Nyumba moja walinifungulia mbwa. Nyumba nyingine baba mwenye nyumba aliniambia nirudi nikakorome. Lakini iliyoniuma zaidi ni ya mama mmoja kijana aliyeniandalia uji, akanisikiliza, kisha akasema, "Aki mimi hata sikusoma. Niliona muhuri, nikafowadi tu." Alisema akiwa ananyonyesha, ametulia kabisa. Nilitaka kumzaba kofi, kisha nikakumbuka muhuri ulikuwa wa nani.

Nyumba ya ishirini na sita ilikuwa ya yule mzazi asiye na mlango mdomoni. Aliniambia, "Lakini hata kama hakuchukua ile, labda ana zingine." Nilikaa kwake mpaka jua likashuka nikimweleza. Nilipoondoka bado alikuwa akisema labda.

Hata hivyo wazazi kumi na saba waliweka sahihi kuomba mwalimu arudi. Mwenye shule akaona karo zitampotea, akampigia Gatwiri simu mbele yangu, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Alimwahidi kumwongeza mshahara. Kule upande wa pili tulisikia mbuzi, na sauti ya Wamuyu ikiuliza ni nani.

"Asante," Gatwiri alisema. "Lakini sirudi. Watoto nawapenda, hao hata leo nawaota. Wazazi wao ndio siwezi tena kuwasalimia. Kila nikimshika mtu mkono nitakuwa najiuliza huyu alituma au alinyamaza."

Kisha akauliza kama niko pale. Nikasema niko.

"Umemaliza nyumba zote?"

"Zote."

"Sawa," akasema. "Nimekusamehe, Gladwell. Usije tena huku."

Ndivyo ilivyoisha. Watoto wetu sasa wana mwalimu wao wa tatu tangu wakati ule, na wanaomfaidi Gatwiri ni watoto wa Mbeere, anakofundisha sasa. Hapa Kanyakine tulikuwa naye, tukamfukuza kwa vidole.

MAFUNZO

Sikilizeni, maana nimelilipia hili. Mtu akikukosea, au ukidhani amekukosea, nenda kwake umwulize uso kwa uso kabla hujagusa simu. Ukiona ni mbali, kumbuka nilivyokuja kutembea wiki tano kwa kuwa nilivivia dakika kumi. Usijifiche nyuma ya kanisa ukimpiga adui yako kisha ukaita hiyo amani. Kisasi kikivaa muhuri kinaua zaidi, kwa sababu watu wanakiamini. Na ninyi wa kunyamaza, nawaambia kwa hasira ambayo sijaimaliza: mkiona mtu anachinjwa kwenye grupu, andikeni neno. Hata "ngoja" inatosha. Neno hilo moja lingemwacha Gatwiri darasani mwake, na kila mmoja wetu alikuwa nalo mfukoni.